Siku Saa Yangu Iliposema Nakufa

Mimi ndiye yule mtu aliyevuliwa fulana katikati ya barabara ya kupanda Kiriri, Bujumbura, Jumapili asubuhi, mbele ya watu wasiopungua arobaini, akakutwa amevaa kitu ambacho mpaka leo kuna watu wa Musaga wanaapa kwamba kilikuwa sutiye, yaani sidiria, ya mke wangu. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mwingine. Miaka yote nilinyamaza kwa sababu nusu ya mkasa huu haikuwa yangu kuisema, lakini mwaka jana mwenye hiyo nusu alinipa ruhusa, tena kwenye harusi, tena anacheka, basi nisikilizeni, ila mcheke nikishamaliza.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ile ambayo ukimuuliza jirani ameamkaje, kwanza anafikiria kwa nini unataka kujua. Mimi nilikuwa karani wa vyeti vya kuzaliwa, nimekalia kiti kimoja miaka kumi na sita, na moyo ulikuwa umeanza kuruka ovyo nikipanda ngazi tu. Daktari akanisikiliza kifua, akasema nifanye michezo, lakini pole pole, mapigo yasipite mia moja na hamsini kwa dakika. Nikamuuliza yakipita itakuwaje. Akaangalia dirishani. (Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikuwa anaangalia kama dereva ameosha gari lake, lakini siku ile nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba nimefichwa kitu.) Baba yangu mzazi alianguka ghafla akiwa na umri kama wangu, akafa kabla ya kupewa maji, kwa hiyo msinilaumu.

Basi nikaenda mjini kwa Mzee Salim, mtu wa asili ya Oman, ambaye familia yake imeuza saa na redio Bujumbura tangu kabla sijazaliwa. Akanitolea saa za mapigo aina mbili. Ya kwanza unaiwekea kidole juu yake, inatafuta mapigo, inakupa namba. Ya pili ina mkanda wa kuvaa kifuani, huo mkanda unasikia moyo na kuirushia saa iliyo mkononi. Mzee akaisifia ya mkanda, akasema ile ya kidole itanilazimu kusimama kila mara, na jasho linaichanganya. Mimi nikaona boksi la ile ya mkanda limejaa vumbi, na la kidole ni jipya, nikajiuliza kwa nini mfanyabiashara anisifie yenye vumbi kama si kwamba imemgandia dukani.

Akaona nina wasiwasi, akanifundisha kuipima ile ya mkanda. Weka vidole viwili hapa shingoni, chini ya taya, hesabu kwa sekunde kumi na tano, zidisha kwa nne, kisha angalia saa inasema nini. Tukafanya hivyo nimekaa, nimesimama, kisha akanipandisha ngazi za dukani kwake mara tatu huku wateja wakinitazama, na kila mara vidole na saa vilikubaliana. Akaniambia kila nikitaka kuivaa niloweshe kwanza mpira wa mkanda, maana ukiwa mkavu utasema uongo. Hayo yote niliyasadiki. Ila wakati ananifungia boksi akaongeza neno moja.

"Na usikae karibu ya mutu mwingine mwenye mukanda kama uyu. Saa inaweza kushika moyo yake."

Nikacheka moyoni. Nikasema huyu mzee ananiandalia kisingizio, kesho saa ikiharibika ataniambia nilikaa karibu na mtu. Tena katika Bujumbura hii yote, watu wanalala na viatu miguuni, nani mwingine atakuwa anajifunga mkanda wa kuhesabu moyo? Hapo ndipo nilipokosea. Neno moja tu nililokataa kuliamini, na ndilo.

Nyumbani nako shida ikaanza. Mke wangu, Spès, sikumwambia habari za daktari, sikutaka aanze kunitazama kama maiti. Kwa hiyo akawa ananiona kila asubuhi najifungia bafuni, anasikia maji yanatiririka kidogo (nalowesha mkanda), halafu natoka nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni, kifua kimebana. Akaanza kunusa mashati yangu. Siku ya tatu akapata ile karatasi ya maelezo, ya Kifaransa, na mle ndani mkanda haukuitwa mkanda, uliitwa *émetteur*, chombo cha kurusha mawimbi. Sasa nyinyi mliokuwepo mnajua neno hilo wakati ule lilikuwa la watu gani: redio za vichakani, wapelelezi, watu wanaochukuliwa na hawarudi. Alikaa nayo karatasi siku mbili, kisha usiku, akiwa amenipa mgongo, akauliza kwa sauti ya chini, "Papa Aline, iyo émetteur unamurushia nani?"

Nikamwambia ni kitu cha michezo. Hakuamini, na sikumlaumu, hata mimi nisingejiamini.

Jumapili ikafika. Klabu yetu ya Musaga ilikuwa inakimbia kila Jumapili, watu wa ofisini, walimu, mafundi, tunaimba mstari mbele mstari nyuma, na siku ile tulipewa ruhusa ya kupanda mpaka Kiriri kwa sababu afisa mmoja mkubwa wa jeshi anayekaa kule alitaka kukimbia nasi. Alikuja na walinzi wawili waliovaa nguo za michezo, lakini kiunoni wametuna. Deo, rais wa klabu, aliyekuwa anatuongoza nyimbo, akatafuta mtu wa kumweka ubavuni mwa mkubwa, mtu wa adabu na asiye na mbio asije akamwaibisha. Akanichagua mimi.

Kabla ya hapo saa ilikuwa inasoma mia na ishirini na nane, nafurahi. Nikasogea ubavuni mwa mkubwa. Hatua kumi tu, nikaangalia: mia na themanini na tatu. Na saa ikaanza kulia, pi, pi, pi, kwa maana nilikuwa nimeitegea ilie ikipita mia na hamsini. Nikaifunika kwa kiganja. Nikarudi nyuma kidogo, ikashuka, mia na thelathini na nne, ikanyamaza. Nikamshukuru Mungu, nikasogea tena kwenye nafasi yangu (Deo alikuwa ananitolea macho), mia na themanini na sita. Wala sijisikii vibaya, miguu inatembea, pumzi ipo, lakini nikasema ndivyo ilivyokuwa kwa baba, hata yeye alikuwa anaongea vizuri kabisa dakika moja kabla. Kwanza nikamshuku Mzee Salim. Kisha nikawashuku walinzi na redio zao. Mwisho nikaushuku moyo wangu, na huo ndio nilioamua kuusadiki.

Nikakaa chini. Katikati ya lami. Wimbo ukakatika, watu wakanizunguka, Deo akapiga goti, na mimi, niliyeficha kila kitu nyumbani, nikaona siwezi kufa na jambo rohoni. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma kabisa, "Deo, umuambie Mama Aline anisamehe. Siku ya kuondoa kilio ya baba yake sikukuwa na malaria. Nilikuwa Cibitoke."

Kila mtu wa kwetu anajua kuondoa kilio ni nini, siku familia yote inapokusanyika kumaliza matanga, na mkwe asipoonekana siku ile inabaki kuwa hadithi miaka. Shemeji wa mke wangu, mume wa dada yake, alikuwa safu ya tatu.

Sasa yule mkubwa, kwa wema wake, akainama kuniinua. Alivyoinama tu kifua chake kikawa karibu kabisa na mkono wangu, saa ikapandwa na wazimu, ikalia mfululizo, mia na themanini na tisa. Mlinzi mmoja akamvuta bosi wake nyuma, mkono mwingine kiunoni.

"Iyo inalia ni nini?"

Na hapa, ndugu zangu, ningeweza kusema saa. Ningeweza kusema mkanda. Lakini mtu anayekufa anasema neno lililo karibu, na mimi neno lile lilikuwa limekaa kichwani tangu mke wangu alipoliuliza. Nikajigusa kifua, nikamwambia, "Ni émetteur tu. Iyo njo inapima."

Sikuwahi kuona watu wa klabu yetu wakikimbia vile. Wenye kasi waliteremka mlima, wazito walijitupa mtaroni, Deo alilala juu ya mwalimu mmoja wa kike na mpaka leo anasema alikuwa anamkinga. Mlinzi akanilaza kifudifudi, akanipandisha fulana mpaka kichwani, akabaki anaangalia. Mkanda mweusi umezunguka mbavu, umebana vizuri, umelowa maji. Kutoka mtaroni sauti ya mwanamke ikasema, taratibu kabisa, "Kumbe ni sutiye." Wakacheka wakiwa wamelala vilevile, mikono kichwani.

Aibu ile ilinichoma, lakini nawaambia ukweli, hofu ilikuwa kubwa zaidi. Nilijua watu walioondoka kwa makosa madogo kuliko hilo. Mkubwa akawaambia walinzi wawapeleke wote mbele, yeye atabaki nami. Sikupenda hilo neno kubaki. Walipofika mbali akachuchumaa, akaangalia nyuma, akafungua zipu ya koti lake kidogo. Ndani, juu ya fulana ya kawaida iliyolowa jasho, niliona alama ya mkanda kama wangu.

"Yako ilisema ngapi?" akauliza.

Nikaona huo ni mtego. Nikisema namba nimekiri kwamba nilikuwa napeleleza moyo wa mkubwa, nikisema sikuona, saa imelia mbele ya watu wote. Nikasema, mkubwa, ile ni ya kwangu, mimi ndiye mgonjwa. Akanitazama sana. Akaniambia nitembee mpaka kwenye mti uliokuwa mbele, kama hatua ishirini, nisome. Nikaenda, nangoja kupigwa risasi ya mgongo, nikasoma: mia na arobaini na moja. Na hapo nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Akaniita, nikarudi mpaka mbele yake. Mia na themanini, na yeye alikuwa amechuchumaa tu, anapumzika.

Akavuta mkono wa koti, akanionyesha saa yake. Mia na themanini.

"Mi nilizani iyi saa njo inanidanganya," akasema. "Nilishabadirisha ya pili. Madaktari wote wanasema niko muzima."

Nikaelewa, na nikamwonea huruma mpaka nikasahau fulana iko bado mabegani. Nani katika mji ule angemwambia mtu kama yeye kwamba anaumwa? Alikuwa amemshuku muuza saa, akashuku saa, alichokosa ni shahidi. Akasimama, akasema, "Usiambie mutu," akapanda mlima kwenda kwake, na Jumapili zilizofuata hatukumwona. Tulisikia amekwenda nje ya nchi. Alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, mzima, na ndiye huyo wa harusini.

Mzee Salim nilipomrudia aliniuliza swali moja tu, kama kulikuwa na mtu karibu yangu. Nimekatazwa kusema, nikamwambia hapana, labda nilisahau kulowesha mpira. Akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mjinga, nami nikaipokea hukumu hiyo. Tangu siku ile nakimbia peke yangu, na nimeapa kwamba mtu akiniuliza nimevaa nini nitajibu kwa Kiswahili.

Lakini hamjauliza nyumbani ilikuwaje. Habari zilifika kabla yangu. Spès alikuwa amekaa mlangoni, hakutaja sutiye, hakutaja mlinzi. Nikamweleza yote ya daktari, nikavua mkanda nikampa, nikamfundisha mpaka ile njia ya vidole viwili aone moyo wangu ni mzima. Akaniwekea vidole shingoni, akahesabu akiangalia saa ya ukutani, akasema sabini na sita, Mungu asifiwe. Nikapumua.

Hakutoa vidole.

"Aya," akasema. "Cibitoke ulikuwa na nani?"