Muulize Babu Kuhusu Mbege

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado kijana. Usicheke. Ilikuwa mwaka jana, ndiyo, lakini sasa niko mwaka wa pili wa uuguzi, na wewe umeripoti juzi vumbi la Sanya Juu likiwa bado kwenye begi. Kwa hiyo mimi ni mzee wako. Shikamoo yangu iko wapi? Marahaba.

Enzi zile wodi ya wanaume haijapakwa rangi hii mpya, na Sista Ndeshi, mwalimu wetu wa wodini, hajahamishwa. Nilikuwa na Babu Anaeli wa Uru, mzee wa kanisa, ameharishwa na amiba hadi mashavu yameingia ndani. Daktari alimwandikia metronidazole. Dawa hiyo haipatani na pombe: mgonjwa anaweza kutapika sana, moyo ukaenda mbio. Kwa mzee aliyekwisha kukaukiwa maji, hatari.

Mimi msomi nikamuuliza, "Babu, unatumia pombe?"

"Mimi? Pombe ni ya walevi wa huko mjini, mjukuu wangu."

Nikaridhika, nikampa vidonge. Vilikuwa kiganjani mwa mzee pale Sista Ndeshi, aliyekuwa akinusanusa kando ya kitanda, alipomshika mkono.

"Shikamoo, babu. Ndani ya hiyo chupa ya chai kuna nini?"

"Mbege tu, mama. Mkwe wangu kaniletea nipate nguvu."

"Umekunywa?"

"Sasa ningeiangalia?"

Wodi ikacheka, mimi nikatamani kuingia uvunguni. Sista akavichukua vidonge, akamwita daktari aamue upya. Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Wewe mtoto wa Kibosho, lini ulimsikia babu yako akiita mbege pombe?"

Kweli kabisa. Nyumbani kwetu mbege, ingawa ni pombe ya ndizi na ulezi, ni chakula, na mshenga hasikilizwi bila mbege. Babu akaikabidhi chupa shingo upande. "Chukueni, ila msimwage." Alipona, akarudi kwenye migomba yake. Nawamiss wote wawili, yeye na Sista.

Basi sikia, mwanangu. Kabla hujampa mtu dawa, hakikisha ni yeye, ni dawa yake, kipimo chake na saa yake. Halafu muulize alichokula na alichokunywa, kwa majina yanayotumika kwao: mbege, gongo, mizizi ya shangazi. Ukiona mashaka, rudisha mkono na uite mkubwa wako. Aibu huisha jioni ile ile. Mungu akupe pua kali na mkono usio na haraka, na wagonjwa wako wote wapande mlima kurudi kwao kwa miguu yao wenyewe.