Vitufe Viwili vya Kiwanja cha Galeboe

Galeboe Motlhabi alikuwa na vidole vyepesi kuliko mtu yeyote pale hospitalini Mahalapye, na alijua, na alijivuna. Miaka kumi na minane alikuwa akipokea simu za hospitali nzima bila kuiona hata taa moja ya mashine yake. Kompyuta yake ilikuwa na kisoma skrini, programu inayomtamkia kipofu kila kilichoandikwa, naye aliiendesha mbio hivi kwamba wauguzi walisikia mlio wa nyuki tu. Ikishasema "kitufe" hakuisubiri imalize, alikuwa ameshairuka.

"Mma Galeboe, hicho kidude kinaongea lugha gani?" walimtania.

"Lugha ya wenye akili. Nyie endeleeni kukodoa macho."

Ijumaa hiyo hakutaniana na mtu. Jumatano, nyumbani kwa kaka yake anakoishi, simu ilikuwa imemsomea ujumbe kwa sauti mbele ya sufuria ya bogobe, ugali wa mtama, na watu wote wakisikia: baada ya miaka ishirini na miwili kwenye orodha ya wanaosubiri, kiwanja chake kimetoka. Aingie kwenye ukurasa wa ofisi ya viwanja, ajibu kabla ya Ijumaa saa kumi na nusu jioni. Asipojibu, au akikataa, anarudi mwisho wa orodha. Galeboe alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mwisho wa orodha kwake ulikuwa kaburi.

Siku mbili ukurasa uligoma kufunguka. Ukafunguka Ijumaa, saa kumi na dakika kumi. Akavaa hedifoni, akasikia jina lake, akasikia namba ya kiwanja, akashuka mpaka chini.

"Thibitisha, kitufe." Akagusa mshale. "Thibitisha, kitufe."

Viwili! Kimoja ni cha kukubali, kingine cha kukataa, na vyote vina jina moja. Mwenye macho aliwekewa picha za kumtofautishia, tiki na msalaba, na maneno madogo yanayochomoza akipitisha kishale juu yake. Waliotengeneza ukurasa ule Mungu awasamehe, mimi bado. Galeboe akafungua kivinjari cha pili, maana alijua kuwa kisichosemwa na kimoja huenda kikasemwa na kingine. "Thibitisha, kitufe. Thibitisha, kitufe." Akapiga simu ofisi ya viwanja. Iliita mpaka ikakatika.

Mlango ukafunguka. Alinusa tumbaku ya Mothusi kabla hajasema neno. Kaka yake alikuja kumchukua kwa gari kila siku, lakini leo aliwahi.

"Bado unahangaika na hilo dude? Sogea nikusomee."

Hapo ndipo woga ulipomshika barabara. Miaka ishirini nyuma, walipomzika mama yao, Mothusi alimsomea karatasi ya gharama za mazishi, akampaka wino kwenye kidole gumba. Kumbe ilikuwa karatasi ya kumwachia yeye ng'ombe wote. Alipokuja kujua, ng'ombe kumi na wanne wa mama walikuwa na chapa ya kaka yake. "Nimekutunzia," alimwambia, "kwani wewe utachunga?" Galeboe hakugombana naye, kwa sababu alilala kwake. Alichofanya ni kwenda kujifunza kompyuta, ili asisomewe tena na mtu.

Lakini dakika zilikuwa zimebaki nane, na macho yaliyokuwamo chumbani yalikuwa ya Mothusi peke yake.

"Cha kukubali ni kipi?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu.

"Cha kwanza, hicho cha kushoto. Bonyeza twende, wifi yako ameshapika."

"Kweli, kaka?"

"Nikudanganye ili nipate nini, mdogo wangu?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Galeboe akarudi kwenye kitufe cha kwanza. "Thibitisha, kitufe." Kidole kilining'inia juu ya kibodi, hakishuki. Siku nyingine angekuwa ameshabonyeza, au ameshairuka ile sauti. Sasa hofu ilikuwa imemgandisha, na kwa kuwa hakugusa kitu, sauti ikatua kidogo, kisha ikaendelea:

"Rudisha kiwanja kwa ofisi."

Yale maneno madogo! Kivinjari cha pili kilikuwa nayo tangu mwanzo, kinayasoma baada ya jina la kitufe. Ni yeye na mbio zake aliyekuwa akikikatiza. Kaka yake alikuwa amesimama pale, anautazama ule msalaba, akamwambia bonyeza.

Akagusa mshale, akasubiri. "Thibitisha, kitufe." Akazidi kusubiri. "Kubali kiwanja."

"Siyo hicho!" Mothusi akamdaka kifundo cha mkono, kwa nguvu za mtu aliyezoea kuangusha ndama. "Nisikilize. Kule ni porini. Hakuna maji, hakuna jirani. Nyumba ikishika moto nani atakutoa?"

"Niachie."

"Kwangu unakosa nini, Galeboe? Sema, unakosa nini?"

Kwa mkono uliobaki akachomoa waya wa hedifoni, akagusa mshale wa juu, kisha wa chini. Sauti ikajaa chumba kizima: "Thibitisha, kitufe. Kubali kiwanja." Mothusi akajua uongo wake umeshasikika. Mkono wake ukalegea, na Galeboe akabonyeza.

"Kiwanja kimethibitishwa," ikasema kompyuta. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na saba.

Hakushangilia. Akavua hedifoni, akaiweka mezani.

"Nilikuwa nakuogopea," kaka yake akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Pengine ni kweli alimwogopea, na hilo ndilo lililomtisha Galeboe kupita yote. "Haya, gari liko nje."

Gari ni la Mothusi, na kitanda cha kulala usiku huo kilikuwa nyumbani kwa Mothusi. Galeboe akavuta simu ya mezani, akampigia mlinzi wa getini.

"Rra Pheto, ni mimi. Naondoka na kaka yangu Mothusi. Ikifika saa kumi na mbili sijakupigia kwamba nimefika, nitafute."

"Kuna nini tena, Mma?"

"Hakuna kitu. Wewe nitafute tu."

Mothusi alisikia kila neno. Alisimama mlangoni na funguo mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, akimngoja dada yake atangulie.