Kifaa cha Ndege

Kofi la kwanza lilimwangusha Erupe Nangiro juu ya meza ya samaki wakavu. La pili halikuwa kofi. Lilikuwa teke la buti, na lilimvunja ubavu. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne, katika soko la Kakuma, na dakika tano kabla ya hapo hakuna mtu sokoni aliyekuwa na neno naye.

Erupe ana miaka arobaini na mitatu na anaishi Lodwar. Alivua samaki miaka kumi na minane. Sasa ameajiriwa na watafiti. Kazi yake ni kumkamata mnandi, ndege mweusi wa majini anayepiga mbizi, wakati analea makinda kisiwani katika Ziwa Turkana, na kumfunga mgongoni kifaa kidogo kinachorekodi kila anakokwenda kutafuta samaki. Mdomo wa mnandi una ndoano. Mikono ya Erupe imejaa makovu, na kovu moja liko sentimita moja chini ya jicho.

Mwaka huu alifunga vifaa vitano. Ndege watatu waliliwa na mamba. Wa nne hakurudi kiotani. Wa tano alinaswa na wavu akafa maji, na kifaa kikazama naye. Kamati ya ziwa ilikuwa ikutane Ijumaa kuamua ni wapi nyavu zipigwe marufuku wakati wa makinda, na Erupe hakuwa na hata nukta moja kwenye ramani ya kuionyesha.

Ndipo Mathilde Kasongo, mkimbizi wa Kongo anayeuza samaki Kakuma, alipompigia simu. Alikuwa amefungua gunia kutoka ziwani akamkuta mnandi mkavu katikati ya samaki, yule wa nne, na mgongoni kifaa chenye namba ya simu.

"Usitupe kitu, mama," Erupe alimwambia. "Hata manyoya."

Alifika, akakata kamba za kifaa kwa kisu, akakiinua. Taa nyekundu ikawaka. Majak Aguer, fundi baiskeli wa kibanda cha pili, akauliza ni nini.

"Kitu ya ndege, mzee. Ndege ikiruka, hii inajua imeenda wapi."

"Ndege gani?"

"Yetu. Iko tano. Hii inatuonyesha penye inashuka."

Katika Kiswahili cha darasani, ndege wa manyoya "anaruka" na ndege ya chuma "inaruka". Erupe, kama wengi Lodwar, husema "inaruka" kwa wote wawili. Majak alifundishwa Kiswahili katika shule ya kambi ya wakimbizi, kwa viboko, na tofauti hiyo anaijua. Alipokuwa na miaka saba, huko kwao Sudan, ndege ya jeshi iliangusha mabomu juu ya nyumba yao ikawaua mama yake na dada zake wawili.

"Anaita ndege za vita!" alipiga kelele. "Ziko tano!"

Kofi likatua. Wengine wakaja mbio; wengi hawakujua kisa. Erupe alikitia kifaa mdomoni wasikinyang'anye.

"Tema, jasusi! Tema!"

Mtu akamkanyaga vidole vya mkono wa kulia hadi vikalia. Mwingine akachukua jiwe la mizani, la kilo mbili, akampiga nalo taya. Erupe hakutema. Damu ilimtoka puani na masikioni.

Mathilde alipanda juu ya meza akiwa amemshika yule mnandi kwa shingo, akampiga naye Majak usoni.

"Papa Majak! Ndege njo hii! Njo hii banafuata! Ya vita iko na manyoya?" alipiga kelele kwa Kiswahili cha Kongo, ambamo "njo" ni "ndiyo".

"Na vidole pia," mtu akacheka nyuma.

Majak aliutazama mguu wa ndege uliokuwa mbele ya pua yake, ngozi imeunganisha vidole, kavu kama kiatu cha zamani. Akashusha mikono.

"Sasa mbona hakusema anaruka?" akauliza.

Mateke mawili zaidi yalimpata Erupe, kutoka kwa watu ambao hawakusikia.

Katika hospitali moja ya Lodwar, daktari alikitoa kifaa pamoja na meno mawili, kisha akafunga taya kwa waya. Alhamisi, mwenzake Erupe kazini, Christelle Amuria, alikisoma kwenye kompyuta kando ya kitanda. Nukta mia mbili na kumi na mbili. Karibu zote zilirundikana mahali pamoja, mlangoni mwa mto Turkwel, ambapo kaka yake Erupe, Emuron, hutega nyavu tangu baba yao afariki.

"Nipeleke hii, ama tungoje?" Christelle aliuliza.

Erupe alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora duara kuzunguka nukta, akamsukumia karatasi.

Ijumaa kamati ilifunga mlango wa mto kwa miezi mitatu. Jioni Emuron akaingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda bila hata salamu ya Kiturkana, ejok.

"Afadhali wangekumaliza kule Kakuma," alisema.

Erupe alivuta miguu yake, taratibu, ili kaka yake apate pa kukaa. Emuron hakukaa.