Prosesa Iliyokuwa Tayari Jikoni

Karibu ukae, mwanangu, nikueleze kazi ya kompyuta tulivyoifanya Ukunda, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Usiogope maneno ya kifundi, nitakufafanulia.

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya kuuza kompyuta, Meneja wa Tawi alifungua mashine mezani akanionyesha prosesa, kidude bapa kinachofanya hesabu zote. Ndicho ubongo wa kompyuta.

"Hii tunayoiuza leo," akasema, "mwenzake mwenye kasi zaidi yuko tayari kiwandani."

"Mbona hawamtoi, bosi?"

"Wewe hujapika harusini? Wageni wakiwa bado wanagombea sambusa, utapakua biriani? Sambusa zitakudodea. Lakini ukisikia jirani amefunua sufuria yake, utangoja nini tena?"

Ndivyo viwanda vilivyotafuta faida. Wenye uwezo wanunue kwanza kwa bei ya juu. Wakishapungua, kasi mpya itolewe kabla mshindani hajatangulia. Na midomo ifungwe, kwa kuwa mnunuzi akijua kuna jipya njiani, atasubiri.

Baadaye nikapewa wateja wa barabara ya Kwale. Kombani alikuwako Mama Mutheu, mzaliwa wa Ukambani, aliyetandika vitanda vya hoteli Diani miaka mingi mpaka akafungua chuo kidogo cha kompyuta. Mashine zake nilizifunga mwenyewe. Hazijaanza hata kuchakaa, prosesa mpya ikatoka. Chuo kingine kikafunguliwa Ukunda na mashine hizo mpya, na wanafunzi wakamhama.

"Fundi, wenye viwanda walijua mpya inakuja?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya biriani.

"Kwa hivyo nimeuziwa sambusa kwa bei ya biriani."

"Ni biashara, Mama Mutheu."

"Biashara ya nani?"

Tukajaribu kuziongezea mashine zake kasi. Kwenye bodi kuu, ile inayobeba prosesa, kuna kikofia cha plastiki kinachounganisha pini mbili. Ukikihamisha, prosesa hukimbia zaidi. Ya kwanza ilikimbia kweli. Joto la adhuhuri lilipopanda, skrini ikaganda, na feni ya mezani haikufaa kitu.

"Kirudishe tu, fundi," akasema. "Hata mimi nimechoka kukimbia."

Mkuu wa Mauzo alipopata habari, neno lake lilikuwa moja: "Muuzie mpya."

Chuo kikafungwa. Siku ya mwisho nilimkuta Mama Mutheu kwenye mashine ileile, akiandika barua ya kuomba arudishiwe kazi yake hotelini. Vidole vyake vilikwenda mbio, na ile mashine iliyopitwa haikumchelewesha hata herufi moja.

Nimestaafu sasa, ninaishi Gazi. Vijana huniletea simu zao: "Shikamoo mzee, hii imepitwa?" Imepitwa, mwanangu. Imepitwa tangu siku ulipoinunua, na ijayo nayo iko jikoni. Hilo mimi na wewe hatuwezi kulizuia.

Basi kabla hujanunua kipya, fanya kazi yako ya siku nzima kwa kile ulicho nacho. Kisipokuchelewesha, usinunue.