Nani Alifunga Hizi Taa?

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo hujikuta natabasamu peke yangu mbele ya kikombe cha chai. Niliikumbuka jana, hapa hapa karakana yetu ya Kitale, nilipokusikia ukimjibu yule mzee wa Misikhu. Alilizunguka gari lake, akawasha taa ulizomfungia, akazizima, akaziwasha tena kama mtoto. Akakuuliza ni nani aliyefanya kazi hiyo. Nawe ukainamisha kichwa ukasema, "Ni kujaribu tu, mzee." Uso wake ukabadilika, akasema ataliacha gari hapa mpaka leo, afikirie vizuri kama alichukue. Nilitaka kukurushia koleo. Keti hapa nikueleze kwa nini.

Kazi hii nilijifunzia Bungoma mjini, kwa Mzee Yusufu, fundi wa umeme wa magari, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma tu ya msikiti. Msichana pale nilikuwa mimi peke yangu. Baba yangu, mkulima wa miwa kule Kabuchai, aliniruhusu kwa shingo upande, akaniwekea sharti: mvua zikiisha kabla sijapata wateja wangu mwenyewe, nirudi nyumbani nikashike jembe. Na mvua zilikuwa zinaelekea kwisha.

Ndipo akaja Mama Chemutai wa Kapsokwony. Alikuwa na pikapu ya mlimani, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, akishusha viazi na kabeji na kupandisha watu. Kule ukungu hushuka hata asubuhi, usione mbele wala nyuma. Alitaka taa mbili za manjano chini kwenye bampa, taa ya nyuma ya kupakilia mzigo, na mahali pa kuchajia simu. Wenzake sokoni walikuwa na magari kama lake, na alisema wazi kwamba lake likitoka vizuri, na yao yatafuata. Mzee Yusufu alinitazama, akasema, "Hii ni yako, Nekesa. Yote."

Nilifanya kazi, mwanangu! Acha nijisifu, umri unaniruhusu. Moto niliutoa kwenye betri yenyewe, nikaweka fyuzi karibu nayo, nikaupitisha kwenye rilei ili swichi ndogo ya ndani isibebe mzigo wa taa kubwa. Kila tundu la bati nililivisha mpira lisije likakwaruza waya. Nyaya niliziachia nafasi kidogo, maana gari la mlimani hujipinda likipita mashimo, na waya uliovutwa kama kamba ya kuanikia nguo hukatika. Kisha nikazimwagia taa ndoo ya maji, nikaziwasha. Zikawaka.

Mama Chemutai alipokuja alifurahi mpaka akapiga makofi. "Wee! Nani alifunga hizi taa?"

Nyumbani nilifundishwa kwamba msichana akisifiwa huangalia chini. Nikaangalia chini. "Si ni kujaribu tu, mama."

Furaha ikamtoka usoni. "Ati kujaribu? Mimi napandisha watu kwa ukungu, wewe unanijaribia?" Akamgeukia Mzee Yusufu. "Mzee, fungua hii kitu yote ufunge wewe mwenyewe. Ama nipeleke kwingine."

Nililiona lile jembe la Kabuchai likiningoja. Nikamtazama Mzee nikidhani ataniokoa. Wapi! Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kana kwamba hakuna aliyemsemesha. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa kavu.

"Nekesa, hiyo kazi ulijaribu ama ulifanya?"

"Nilifanya, Mzee."

"Sasa mbona unadanganya mama ya watu? Ukijidharau mbele ya mwenye gari unamtia hofu, na mimi unaniaibisha, maana ni mimi nilikufundisha. Hiyo boneti sigusi. Fungua wewe, umwonyeshe."

Maneno yale yaliniuma. Nilitaka kulia, halafu nikakasirika, na hasira ile ilinisaidia. Nikafungua boneti. Nikamshika Mama Chemutai mkono, nikamwonyesha moto unapotoka, unapopita na unapoishia. Nikamwambia avute waya wowote anaotaka. Akavuta. Akavuta mwingine kwa nguvu zaidi. Bado sura yake ilikuwa ya mashaka, basi nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. "Mama, kama huamini, twende pamoja. Nitakaa mbele na wewe."

Tukaondoka. Tulipopita Kabuchai niliinama kidogo baba asinione, maana taa zangu zilikuwa bado hazijathibitika. Huko juu barabara ikawa mawe na mashimo, gari likijipinda huku na huku, nami nimetega masikio yote kwenye boneti. Ukungu ukatufunika. Mama Chemutai akabonyeza swichi, na kando zote mbili za njia zikaonekana. Mbele yetu pikipiki iliyojaa magunia ilikuwa inateremka katikati ya barabara. Mwendeshaji aliziona taa zetu mapema, akasogea kando, akatuinulia mkono. Mama Chemutai alishusha pumzi, kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, na mimi nikaacha kusikiliza boneti.

Sokoni Kapsokwony wenzake walilizunguka gari. "Nani alifunga hizi taa?" mmoja akauliza. Mama Chemutai alinitazama mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nekesa wa Kabuchai. Nimezifunga mimi."

Mwanangu, sijawahi kuonja kitu kitamu kama maneno yale. Magari yale mengine yalikuja Bungoma moja baada ya jingine, na Mzee Yusufu akaihamisha meza yangu, akaiweka mlangoni, mahali ambapo kila mteja angeniona kwanza. Baba naye alikuja siku moja, akasimama nje na kofia mkononi, akawa anawaambia wapita njia asiowajua, "Yule ni wangu." Mvua ziliisha, na habari ya jembe hakuna aliyeitaja.

Basi nakuambia hivi. Usipojua, sema hujui, uulize. Sitakucheka, au nitakucheka kidogo tu. Lakini kazi ukishaikamilisha, usiifiche nyuma ya adabu. Mwenye gari anaweka roho yake kwenye nyaya zako, na ana haki ya kujua kwamba yuko mtu anayezidhamini. Jana ulipokwenda kula nilivuta kila waya ulioufunga. Hakuna hata mmoja uliochomoka. Ni kazi nzuri kuliko ile yangu ya kwanza, na usidhani napenda kukiri hivyo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila anayesafiri kwa taa zako afike kwake salama. Haya, namsikia yule mzee wa Misikhu nje. Nenda ukamjibu upya.