Mara ya Pili Shangazi Hakuhama

Baba yangu alilinda bwawa la umeme kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Lilikuwa bwawa dogo huko Mpimbwe, ukuta wa mawe na udongo, lililojengwa kuwasha taa za zahanati na kuendesha mashine ya kusaga. Umeme wa gridi ulipofika, mtambo ukazimwa na wenye mradi wakaondoka. Maji yalibaki. Baba naye alibaki, bila kuajiriwa na mtu, kwa sababu chini ya ukuta kulikuwa na majaruba ya mpunga na nyumba za watu, mojawapo ikiwa ya dada yake, shangazi yangu.

Nilipotoka Mpanda kwenda kumsalimia, alinionyesha ufa ukutani. Kidole changu kiliingia chote. Lango la kupunguzia maji lilikuwa limeshika kutu, halifunguki.

"Nimewaandikia wenye mradi barua mpaka nimechoka," alisema. "Walikuja, wakapiga picha."

Mwaka juzi mvua ilipozidi, alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wahamie shuleni, kule mlimani. Wakahama. Siku tatu zikapita, ukuta bado umesimama. Waliporudi walikuta nguruwe pori wameharibu mpunga. Hakuna aliyemtukana, ila watoto wakimwona walijifanya wanakimbia, na wakubwa walicheka.

Mwaka jana nilikuwepo. Mchana mmoja alirudi kutoka bwawani amelowa chapachapa, akasema maji yanayotoka kwenye ufa yamekuwa tope. Alinieleza tukiwa tunakimbia: yakiwa safi, ukuta unavuja tu; yakiwa tope, unaliwa kwa ndani.

Shangazi alikuwa mlangoni, anachambua maharage.

"Kaka, si ulitutoa hivi hivi?" alisema kwa upole. "Magoti haya hayapandi tena mlima."

"Nitakubeba."

"Na uzee huo? Nendeni nyie. Nikiona maji nitakuja."

Baba alimshika mkono, shangazi akautoa. Sikuwahi kumwona baba akimlazimisha mtu, na siku ile pia hakulazimisha. Aliniambia tuwatoe kwanza majirani wenye watoto, kisha turudi tumchukue sote wawili. Tulikuwa nyumba ya nne, ya mwisho, tuliposikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Tulipanda mlima na wale watoto. Hatukuweza kurudi.

Shangazi alipatikana siku ya pili, kwenye majaruba. Wengine wote walitoka salama. Msibani walimshukuru baba mmoja mmoja, wakimshika mikono. Aliitikia kwa kichwa tu.

Sasa baba anaishi kwangu hapa Majengo, Mpanda. Haongei sana. Wiki iliyopita nilikuwa nafua uani, akaniuliza, "Ningemvuta kwa nguvu, angenisamehe?"

Nikamwambia, "Angekununia wiki nzima, baba."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu tuzike, kisha akaanza kulia. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikakaa naye.