Gari la Mjomba Lilivyokwenda Makaburini

Haya jamaa, sogeeni! Wewe wa mlangoni ingia ndani, na wewe mwenye kikombe kiweke chini, maana hii ukiisikia na kahawa mdomoni utamtemea jirani.

Msimu ule nyumba yetu ya Mji wa Kale ilinuka chuma kilichoungua. Mtaa mzima ulipika pilau, na pilau yote ikanukia moto wa kuchomelea. Sababu ni mjomba wangu Twalibu, aliyeingiza gari la spoti uani kwetu ili aligeuze la mashindano. Gari la uwanja wa mbio halitaki uzito, basi mjomba akawa kazi yake kung'oa. Aling'oa viti, zulia, redio, honi na vioo. Hata kitasa cha mlango alikipima mkononi akasema, "Hiki nacho chanenepesha." Kikabaki kiti kimoja chenye mikanda minne ya kumfunga dereva kama mzigo wa mirungi, na kizimba cha mabomba ili gari likibiringika lisimponde. Mama akipita uani kwa ubavu, akauliza, "Twalibu, na injini utaitoa?"

"Cheka, dada. Ijumaa lori lanichukua."

Lori lile lilikuwa likipeleka magari ya mbio bara, likiondoka Makadara baada ya swala, na dereva wake hakumngoja hata mkewe. Kulikosa lori ni kuikosa mbio, na mbio ile mjomba aliiota tangu hajaota ndevu.

Alhamisi akafunga matairi mapana, mapana kama sinia za harusi, na vifuniko vyake vikatoka nje kama mashavu ya mpiga zumari. Ijumaa tukalisukuma kichochoroni. Likakwama hapo hapo! Huku baraza ya mawe, kule baraza ya mawe. Liliingia jembamba, sasa lataka kutoka nene. Na baraza ya mtu haivunjwi. Wenyewe wameikalia tangu babu wa babu zao. Mjomba akaketi chini.

Mama akachungulia dirishani. "Si ulisema jepesi? Libebeni!"

Zikaletwa boriti mbili, zikapitishwa chini ya gari. Wanaume waliotoka swala wakatia mabega, gari likapaa juu ya baraza. Lisikwaruzwe na kuta, likafunikwa mablanketi, na juu yake shuka la kijani. Mimi, mtoto mwepesi kama unyoya, nikafungwa kitini nikanyage breki litakaposhushwa. Mjomba akatimua mbio Makadara kumshika dereva.

Sasa nyinyi mwajua kwetu. Mtu akiona kitu kirefu kimefunikwa kipo mabegani, haulizi. Atia bega, ampumzisha aliyechoka, jina la marehemu atalijua mbele. Kila kona wakapokezana. Kufika Ndia Kuu, hapakusalia chini ya boriti mtu hata mmoja aliyejua wamebeba nini. Gizani mle nikasikia tahlili imeanza.

"Yakhe, marehemu huyu mpana!"

"Nyamaza! Maiti hasemwi. Huenda ni wawili."

Nikapiga ukelele ambao Likoni waliusikia wakadhani feri imeharibika. Lakini tahlili ikanizidi, na mikanda ile sikujua kuifungua. Wakaiacha njia ya Makadara, wakashika ya makaburini.

Mjomba huku ashika mlango wa lori, ambembeleza dereva. Akapita mtu wa tuktuk, akasema, "Leo nimepisha maziko ya ajabu, jeneza lina matairi." Mjomba akarukia lorini, na dereva, kwa kucheka, akakubali kuzunguka. Walitukuta langoni. Na sakafu ya lori ilikuwa sawasawa na mabega ya wale wanaume, wakalitelezesha gari ndani kama mkate kwenye tanuri. Mbio akaenda. Akarudi na furaha ya mtu aliyeshinda, ila nafasi aliyoshika hajaitaja mpaka leo.

Siku hizi mambo mengine. Juzi jirani alihamisha kabati, vijana kumi wakatoa simu wapige picha, kabati likapandishwa ngazi na wazee wawili. Sisemi zamani palikuwa bora. Lau wale wanaume wangeuliza, gari lingefika Makadara mapema na mimi nisingeloa suruali. Lakini lau wangekuwa watu wa kuuliza kwanza, labda lingekuwa bado kichochoroni.

Ngojeni, nimeruka pahala. Kabla mjomba hajafika, pale langoni mchimba kaburi alitoka na jembe lake, amekasirika kwamba hakuarifiwa. Akalitazama lile jeneza, akatazama ardhi yake, akapanda juu ya ukuta, akafunua pembe ya shuka. Akaniona nimekaa wima, nimefungwa mikanda minne, macho yamenitoka. Akawageukia wabebaji, akafoka:

"Nani kawafunza nyinyi? Maiti hulazwa, hakalishwi!"